Taa ya oili huwaka gari linaposhuka kuingia feri tu: ni sensa, ni waya au ni oili yenyewe?

MkaziWaNgambo (Jumapili, saa 2:40 usiku)
Hamjambo wenzangu. Ninaishi Likoni na kazi yangu iko kisiwani Mombasa, kwa hiyo navuka kwa feri asubuhi na jioni. Gari langu ni la 2017, injini ya petroli ya lita 2, na liliingia hapa bandarini likiwa limeshatumika. Kwa wiki tatu sasa taa nyekundu ya oili huwaka mahali pamoja tu. Nikishakaa foleni kama nusu saa, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, magurudumu ya mbele yanapoanza kuteremka kuingia feri taa inawaka na kengele inalia, kisha nikishaegesha ndani ya feri inazimika yenyewe. Barabarani haiwaki, hata nikienda Ukunda na kurudi. Fundi wa kwanza alisoma kodi (namba ya hitilafu inayoandikwa na kompyuta ya gari) akapata P0522, akabadilisha sensa ya presha ya oili, nikalipa. Siku ya nne taa ikarudi palepale na kodi ileile. Sasa naambiwa tatizo ni pampu ya oili. Kabla sijatoa pesa tena, naomba mnieleze mngeanza kupima wapi.

BarazaYaKibokoni (saa 2:52)
Kijiti cha oili kinasemaje? Watu wengi hubadilisha sensa kabla hata ya kukichomoa kijiti.

KomamangaBichi (saa 2:55)
Nilipoona maneno "kubadilisha sensa" nilidhani serikali inataka kutuhesabu upya. Samahani, endeleeni.

FundiMagongo (saa 3:20)
Nimefungua injini miaka 22, na nitasema jambo ambalo vijana wenye mashine za kusomea kodi hawapendi kulisikia. Taa nyekundu ya oili ni habari ya uhai wa injini, kwa hiyo mtu haanzi na waya. Unafungua ile sensa, unakaza geji ya presha mahali pake, unaiacha injini ipate moto hasa mpaka feni iwake na kuzimika mara mbili tatu, halafu unasoma. Tuliofundishwa zamani tulikariri psi 10 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika, lakini hiyo ni kanuni ya mkononi tu. Kitabu cha injini ndicho kinachoamua, na vitabu vya baadhi ya injini za Toyota vinaruhusu ishuke mpaka kilopaskali 29, yaani psi 4 na kidogo, injini ikiwa moto na haikanyagwi.

Tazameni sasa jinsi dalili zenyewe zinavyosema. Ndugu yetu amekaa foleni nusu saa, oili imekuwa moto na nyepesi, injini inazunguka polepole, kisha gari linainamisha pua. Oili yote ya kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, inakimbilia mbele, na kama imepungua kidogo, au kama kichujio cha bomba la kuvutia kimezibwa na tope la oili iliyokaa sana, pampu inavuta hewa. Presha inashuka kweli, na taa inafanya kazi yake.

MkaziWaNgambo (saa 3:41)
Shukrani. Kijiti kinaonyesha oili iko katikati ya alama mbili. Ni 5W-30, na nimeendesha kilomita 4,000 tangu niibadilishe.

MvuviWaMtongwe (saa 3:50)
Katika joto hili la Mombasa 5W-30 ni maji ya kunywa. Weka 20W-50, taa haitawaka tena.

FundiMagongo (saa 3:58)
Mvuvi, taa inaweza kweli kunyamaza, lakini utakuwa umemziba mgonjwa mdomo. Oili nzito hupandisha presha kwenye geji na hapo hapo huchelewa kufika juu ya injini asubuhi unapowasha. Tuache hayo.

MaalimWaFizikia (Jumatatu, saa 12:15 asubuhi)
Assalaam aleikum. Mzee wetu FundiMagongo amesema kweli kuhusu geji, lakini ameipita kodi bila kuisoma. Kodi hizi zimepangwa kwa familia. P0520 ni kosa la jumla la saketi ya sensa, P0521 ni usomaji usiolingana na hali ya injini, P0522 ni volti ya chini mno, P0523 ni volti ya juu mno, na P0524 ndiyo inayosema kwamba presha yenyewe ya oili imeshuka mno. Kompyuta ya gari hili haikusema P0524. Imelalamika kuhusu volti.

Sensa ya aina hii ina nyaya tatu: mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni wa ardhi, yaani upande wa hasi, na wa tatu hurudisha taarifa. Kwa kawaida presha ikiwa sifuri taarifa huwa karibu na volti 0.5, na presha ikiwa ya juu kabisa huwa karibu na volti 4.5. Waliobuni waliacha nafasi chini na juu kwa makusudi, ili kompyuta itofautishe kati ya "hakuna presha" na "hakuna waya". Usomaji ulio chini sana ya 0.5 si habari ya oili hata kidogo, kwa sababu sensa nzima haiwezi kusema hivyo.

BarazaYaKibokoni (saa 1:05)
Maalim, mbona sensa ya gari langu ina waya mmoja tu?

MaalimWaFizikia (saa 1:12)
Yako ni swichi. Presha ikiwa chini swichi huunganisha waya na bodi ya injini, taa inawaka. Presha ikipanda huachana, taa inazimika. Ndiyo maana ukifungua swichi ya gari bila kuwasha injini taa huwaka, na ukichomoa waya ule inazimika.

TandikaMkeka (saa 1:30)
Nina jibu. Fundi aliyebadilisha sensa alizungushia utepe mweupe wa mabomba kwenye hesi, na utepe ule huzuia umeme kufika kwenye bodi. Yalinikuta mimi mwenyewe na pikapu yangu hapo Mikindani. Taa ilikataa kuwaka kabisa.

FundiMagongo (saa 1:44)
Yaliyokukuta ni kweli kwa swichi ya waya mmoja, ambayo hupata ardhi kupitia hesi zake. Sensa ya nyaya tatu ina waya wake wa ardhi, haitegemei hesi. Hata hivyo, sipendi kuuona utepe ule karibu na njia ya oili, kwa sababu kipande kikikatika kinaweza kwenda kuziba mahali pembamba.

PwaniNiHewaChumvi (saa 2:10 asubuhi)
Jamani, tumesahau tunaishi wapi. Feri inarusha maji ya chumvi, gari linashuka mpaka kwenye mstari wa maji, halafu jioni mwenyewe analipeleka kuoshwa kwa pampu kali inayopenyeza maji mpaka ndani ya plagi. Mwaka jana plagi ya sensa ya gari langu ilichomolewa Mtwapa, na pini za shaba zilikuwa na kutu ya kijani kama ukungu wa kwenye mkate. Kwa hesabu yangu, pini ya ardhi ndiyo imeliwa.

MaalimWaFizikia (saa 7:20 mchana)
Kutu nakubali, ila si kwenye pini ya ardhi. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme sensa inatumia mkondo wa ampea 0.01 na pini yenye kutu imeongeza ukinzani wa omu 50. Kuzidisha kunatupa volti 0.5. Ikiwa kutu iko upande wa ardhi, sensa yote "inasimama juu ya kigoda" cha volti 0.5, na taarifa inayofika kwenye kompyuta inapanda badala ya kushuka. Ikizidi sana tungeona P0523. Ikiwa kutu iko kwenye pini ya volti 5, sensa inakosa chakula na taarifa inashuka. Kodi yetu ni ya volti ya chini, kwa hiyo mtuhumiwa ni waya wa chakula au waya wa taarifa. Ardhi ina hoja ya kujitetea.

KomamangaBichi (saa 7:31)
Hapa kila mganga na tunguri lake. Mgonjwa bado yuko kwenye foleni ya feri.

BintiTudor_UmemeWaMagari (saa 10:05 jioni)
Nafanya kazi ya umeme wa magari na nimesoma yote kwa makini. Kuna jambo moja ambalo mtoa mada ameliandika mwenyewe na hakuna aliyeligusa, nalo ni kiyoyozi. Kompyuta haitoi volti 5 mbalimbali kwa kila sensa. Mara nyingi waya mmoja wa volti 5 hugawanywa kwa sensa kadhaa, na sensa ya presha ya gesi ya kiyoyozi huwa mara nyingi katika kundi hilo. Sensa hiyo iko mbele kabisa, chini, inapokea vumbi, maji na mawe. Ikianza kuvuja umeme kwenda ardhini, inawanyima chakula wenzake wote, na lawama inamwangukia asiye na kosa. Nilipata gari la Bamburi lililobadilishiwa sensa tatu mfululizo, na aliyekuwa akiwavuruga wote alikuwa sensa ya kiyoyozi ambayo hakuna aliyeishuku.

Kwa hiyo kaka, fanya kipimo kisicho na gharama: vuka siku tatu bila kiyoyozi. Pia mwambie fundi akusomee kodi zote, hata zile zinazosubiri kuthibitishwa, maana wengi husoma ya kwanza tu.

MkaziWaNgambo (Alhamisi, saa 3:15 usiku)
Nimerudi. Jumanne na Jumatano nilivuka bila kiyoyozi, nikalowa jasho, taa haikuwaka. Leo pia sikukiwasha, na taa imewaka. Kodi zilisomwa upya kwa fundi mwingine: P0522 imethibitishwa, na kuna P0532 inayosubiri, ambayo naambiwa ni volti ya chini kwenye sensa ya kiyoyozi. Fundi huyo alifunga pia geji, baada ya injini kupata moto. Bila kukanyaga ilikuwa bar 1.1, na kwa mizunguko 3000 ilikuwa 3.2. Tulipofungua swichi bila kuwasha injini, taarifa ya sensa mpya ilikuwa volti 0.51.

BintiTudor_UmemeWaMagari (saa 3:22)
P0532! Nilisema.

MvuviWaMtongwe (saa 3:26)
Bar 1.1 ni kama psi 110, injini hiyo ina presha ya kupasua.

BarazaYaKibokoni (saa 3:30)
Mvuvi, bar moja ni psi 14.5, kwa hiyo ni kama psi 16. Kwa injini moto isiyokanyagwa hiyo ni afya njema.

PwaniNiHewaChumvi (saa 3:37)
Dada wa Tudor asifurahi mapema. Kama taa imewaka kiyoyozi kikiwa kimezimwa, dhana yake imekufa.

MaalimWaFizikia (saa 3:55)
Haijafa, bali kipimo ndicho kilichokuwa dhaifu, na dada atanisamehe. Sensa ya kiyoyozi hupewa volti 5 kila swichi ya gari ikifunguliwa, kiwe kimewashwa au kimezimwa. Kukizima kunapunguza presha ya gesi tu, hakuikatii sensa umeme. Kipimo safi ni kuchomoa plagi yake kabisa na kuvuka hivyo, mkivumilia kwamba kiyoyozi hakitafanya kazi na kodi nyingine itajiandika.

Lakini kodi hizo mbili zina maelezo mengine pia. Sensa zote mbili huenda zinapitia shada moja la nyaya upande wa mbele wa injini. Shada likichunika mahali pamoja, nyaya za wote wawili zinaumia bila mmoja kumdhuru mwenzake.

BintiTudor_UmemeWaMagari (saa 4:08)
Nakubali kosa, Maalim. Kuchomoa plagi ndiko nilikopaswa kusema.

FundiMagongo (saa 4:20)
Geji ilisomwa gari likiwa wapi? Kwenye sakafu tambarare ya gereji! Mimi sikusema oili inakosekana gereji, nilisema inakosekana kwenye mteremko. Hiyo bar 1.1 haijanijibu.

Hata hivyo, shada la nyaya nalitia maanani. Gari linaposhuka na dereva anagusa breki, injini inaegemea mbele kwenye maunti zake, yaani vishikio vinavyoibeba. Maunti zikiwa zimechoka, injini inasogea zaidi, na waya uliofungwa upande mmoja kwenye injini na upande wa pili kwenye bodi unavutwa. Nimewahi kuona waya wa taarifa umelala juu ya kishikio cha chuma mpaka ngozi yake ikaisha kwa urefu wa punje ya mchele. Ukiutazama kwa juu huoni kitu, mpaka uupapase kwa kidole.

TandikaMkeka (saa 4:31)
Si apite barabara ya Dongo Kundu tu, akwepe feri? Mteremko huo huo hatauona tena.

MkaziWaNgambo (saa 4:40)
Mafuta utalipia wewe?

MaalimWaFizikia (Ijumaa, saa 12:30 asubuhi)
Napendekeza hivi. Tafuta mita na nyaya mbili ndefu, uchomeke pini nyembamba za nguo kutoka nyuma ya plagi ya sensa bila kutoboa ngozi za nyaya, uzipitishe mpaka ndani ya gari, na mtu mwingine asome wakati wa kushuka, wewe shika usukani. Ukiwa na mita mbili, moja ikae kwenye waya wa volti 5 na nyingine kwenye waya wa taarifa. Kama volti 5 inaanguka, tumtazame dada wa Tudor na sensa yake ya kiyoyozi. Kama volti 5 imesimama na taarifa inashuka mpaka 0.5 lakini haipiti chini ya hapo, mzee wa Magongo ana haki, presha inapotea kweli. Kama taarifa inapita chini ya 0.5, oili haina hatia.

MkaziWaNgambo (Jumanne, saa 2:10 usiku)
Shemeji yangu alikubali kukaa kiti cha abiria na mita mbili mapajani, watu wa foleni wakitutazama kama mafundi wa mabomu. Jumamosi hakukuwa na kitu: 4.98 na 1.2, taa haikuwaka. Jana asubuhi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipoanza kuteremka, mita ya kwanza ilibaki 4.97 bila kutikisika, na ya pili ilianguka kutoka 1.1 mpaka 0.2, ikacheza kati ya 0.2 na 0.3 kwa muda wa sekunde kama nane, kisha ikarudi kwa mruko. Taa iliwaka muda huo huo.

PwaniNiHewaChumvi (saa 2:18)
Mvua usiku kucha, taa asubuhi. Sina la kuongeza.

FundiMagongo (saa 2:35)
0.2 iko chini ya 0.51 mliyoisoma injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo kwa jana asubuhi naiondoa pampu ya oili, na asilipe mtu pesa ya pampu. Tukio la wiki iliyopita, siku isiyo na mvua, bado silitolei hukumu. Gari moja linaweza kuwa na magonjwa mawili. Waya wa taarifa upapaswe.

BintiTudor_UmemeWaMagari (saa 2:44)
4.97 imeniumiza, nasema kweli. Ila kaka, naomba unijibu: zile pini za nguo mlizichomeka upande gani wa plagi, upande wa nyaya au upande wa sensa?

MkaziWaNgambo (saa 2:50)
Upande wa nyaya, kutoka nyuma, kama Maalim alivyoeleza.

BintiTudor_UmemeWaMagari (saa 2:58)
Basi mmepima umeme unaofika mlangoni, hamjapima unaoingia ndani. Kama pini ya chakula imelegea au ina kutu pale pini ya kike inapoishika ya kiume, mita yenu itasoma 4.97 huku sensa yenyewe ina njaa, na taarifa itashuka vilevile.

MaalimWaFizikia (saa 3:06)
Ni kweli, na lawama ni yangu. Zimebaki njia tatu zinazotoa namba zilezile: pini ya chakula isiyoshika, waya wa taarifa unaogusa bodi, au sensa mpya yenyewe ikiwa na ufa ndani. Kuna namna ya kuzitenganisha. Leo hii, taa ikiwa haijawaka, fungua swichi bila kuwasha injini, chomoa plagi ya sensa na upime waya wa taarifa peke yake, kwa sababu kompyuta nyingine huuvuta mpaka karibu na volti 5 ukibaki wazi na nyingine huuacha uanguke sifuri. Kama wako unapanda, basi siku kosa likijitokeza zima injini na ufungue swichi hivyo hivyo. Mkiona taarifa bado iko chini ya 0.51, chomoa plagi. Ikipanda, waya ni mzima na tubaki na pini au sensa. Ikiendelea kulala chini, unagusa bodi mahali fulani.

MkaziWaNgambo (saa 3:30)
Nimeshuka na tochi sasa hivi. Plagi imechomolewa, waya wa taarifa umepanda mpaka 4.9. Ndani ya plagi sioni kutu ya kijani, lakini pini moja kati ya tatu inang'aa kuliko wenzake, kama imekuwa ikisuguliwa.

PwaniNiHewaChumvi (saa 3:33)
Ni ipi?

MkaziWaNgambo (saa 3:36)
Ya ardhi.

KomamangaBichi (saa 3:37)
Maalim, kigoda hicho.